Beseni la Barafu, Kambu

Wewe unayenisikiliza, kabla sijaanza, jiulize ni baridi gani kali kuliko zote uliyowahi kuisikia mwilini. Kama ulizaliwa Kitui au Makueni kama mimi, najua utakavyojibu. Utaniambia habari za mwezi wa saba, jua linapokataa kutoka mpaka saa nne, watoto wanakwenda shule wamevuta mikono ndani ya sweta, na kila nyumba inakoka moto mapema. Hiyo ni baridi, sikatai. Lakini ni baridi ya kuja, kunywa chai na kwenda zake. Ile ninayotaka kukueleza haina adabu hiyo. Nimeishi nayo miaka mingi nikiwafundisha askari kutembea, kulala na kupanda kwa kamba kwenye mlima wenye theluji. Sasa nimestaafu. Nalima mabamia karibu na mto hapa Kibwezi, ambapo saa sita mchana mabati ya nyumba hulia kwa joto. Usiwe na haraka. Nitakwenda polepole, na ukikwama mahali, ujue kosa ni la mwelezaji.

Watu hudhani askari hupelekwa mlimani kufundishwa ujasiri. Ujasiri huja nao kutoka kwao. Sisi tulifundisha mambo madogo, karibu ya jikoni: namna ya kukausha soksi kwa kuzilaza tumboni chini ya shati, namna ya kufunga glavu kwenye mkono wa jaketi zisipeperuke, kwamba ukilala, cha kutandika chini ni muhimu kuliko cha kujifunika juu, kwa kuwa ardhi ya kule hunyonya joto la mtu kama mchanga wa mto mkavu unavyokunywa mvua ya kwanza.

Kila jamii ilipanda na makosa yake, na ya vijana wa Ukambani niliyajua kabla hawajashuka kwenye lori. Asubuhi wangevaa kila kitu walichopewa. Kwetu baridi ni kama fisi, unaifungia nje na kulala. Basi wangeanza kupanda wakiwa wamefunga zipu mpaka kidevuni, watoke jasho, na jasho lile ndilo lingewageuka jioni. Niliwaambia, anzeni safari mkisikia baridi kidogo. Anayeanza na joto atamaliza na homa. Kosa la pili lilikuwa maji. Mtoto aliyelelewa na mama anayechota mbali hanywi chupa akaimaliza. Huonja, hufunika, huweka. Mlimani unatakiwa unywe hata kama huna kiu, ili damu iende vizuri, lakini vijana wetu walikuwa wakishuka na chupa zimejaa, nyingine zimeganda, wakijivunia kwamba wamebakisha.

La tatu ni neno. Ukimwuliza Mkamba habari yake, anakujibu "nesa". Ni kama kusema njema, salama. Umemkuta akizika, nesa. Umemkuta amelazwa, nesa kwanza, halafu ndipo akueleze kilichomlaza. Ni heshima nzuri na sitaki iishe. Ila mlimani, mwalimu anapopita katika ukungu akiuliza kila mtu yuko aje, neno hilo huzika watu. Kwa hiyo sikuwauliza. Niliwaambia waguse kidole cha mwisho kwa kidole gumba, mkono uleule, nikitazama. Baridi inapoanza kumchukua mtu, vidole vyake hukosa kukutana hata kabla yeye mwenyewe hajajua. Mdomo unaweza kuwa na adabu; vidole havina.

Sasa nikuletee kijana mmoja. Mama yake huuza matikiti na vitunguu Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, mahali malori yanapopumzikia. Tangu mwanawe aajiriwe jeshini, wenzake pale sokoni walimwita Mama Soja, na yeye alilipokea jina hilo kama anavyopokea mtu leso mpya. Mimi nilikuwa nimeshastaafu kijana alipopangiwa mafunzo ya mlima. Alikuja shambani kwangu akiwa likizoni, akanikuta nafungulia mabamia maji.

"Afande," akasema, "nimeambiwa wewe ndiye baba wa baridi. Hiyo ya huko juu ni kama ya friji?"

"Friji ina mlango," nikamwambia. "Ukichoka nayo unafunga."

Akacheka. Nikamweleza yote niliyokueleza wewe, kuhusu jasho, chupa na vidole. Tulisimama kwenye jua kali, mwanamume mzima na mzee mzima, tukigusanisha vidole.

"Kwa hivyo serikali ilikuwa inakulipa mshahara kwa hii?"

"Na marupurupu."

"Basi mimi ni jenerali." Kisha akaniambia kwamba atatembea akiwa jozi na kijana wa Kitui, rafiki yake tangu siku za mafunzo ya kwanza. "Huyo nitambeba mgongoni. Watu wa Kitui wakiona ukungu wanafikiri kuna mtu anachoma makaa."

Aliondoka na bamia mkononi akilitafuna bichi. Sikumwona tena akiwa hai.

Huko mlimani askari walitumwa wawili wawili kutafuta njia kwa dira. Ukungu ukashuka, ikafuata mvua ya mawe, na wale wawili wakapotea. Walimu wao waliwatafuta. Baadhi nawajua, na najua walitafuta kwa moyo. Kijana wa Kitui walimpata akitembea. Wa Kambu walimpata chini ya jiwe, ameshakwisha.

Mazishi yalikuwa makubwa. Kanisa lake lilikuja na kwaya, jeshi likaja na bendera. Lakini mmoja wa askari waliosindikiza jeneza, akimiminiwa chai na wanawake waliokuwa wakipika, alisema jambo ambalo labda kwake lilikuwa mazungumzo tu. Alisema marehemu alikutwa na fulana peke yake, na kwamba mwenzake alishuka akiwa amevaa jaketi mbili. Maneno ya jikoni yana miguu. Kabla ya mahubiri kwisha yalikuwa yamemfikia mama.

Mama Soja hakupiga kelele. Wakati wa kutia mchanga, kijana wa Kitui alipoinama kuchota kwa mkono, mama alimshika kifundo cha mkono.

"Jaketi ya mtoto wangu ilienda wapi?"

Kijana akakunja vidole.

"Basi mkono huo usiguse mchanga huu."

Kijana akarudi nyuma, akasimama mbali na watu mpaka mwisho. Mama naye hakuuliza kitu kingine tangu siku hiyo. Wakubwa walimweleza kwamba mwanawe aliuawa na baridi, naye akasikiliza, kisha akarudi palepale: mtu aliyepewa jaketi na serikali atakufaje kwa baridi, kama hakuna aliyemvua? Ukitazama vizuri, lilikuwa swali la akili timamu. Na alilibeba huku akipanga matikiti yake, msimu baada ya msimu. Wateja walisema amekuwa mkali. Hakuwa mkali. Aliamini kwamba kuna mtu mmoja duniani aliyemwacha mtoto wake uchi kwenye mvua ya mawe, na kwa imani hiyo hakuweza hata kumlilia vizuri, maana machozi yote yaligeuka hasira njiani.

Siku moja kijana wa Kitui akanifuata shambani. Alikuwa amekonda. Alivuka kutoka Kitui asubuhi hiyo, akashukia Kibwezi, akauliza njia. Nilimpa kiti akakataa, akachuchumaa kwenye mtaro wa maji kama mtu anayengojea kufukuzwa.

"Mzee, kwake siwezi kwenda. Wewe ukienda atakusikia."

"Nikamwambie nini? Nieleze kwanza mimi."

Akanieleza, akitazama maji. Asubuhi ile walivaa kila kitu, ingawa walikuwa wamekatazwa. Walipanda wakitoka jasho na wakitaniana. Mvua ilipowakuta walikuwa tayari wamelowa kutoka ndani. Wakajificha chini ya jiwe. Akamwuliza mwenzake yuko aje.

"Akasema nesa?"

"Akasema nesa. Halafu akakumbuka mambo yako, mzee, ya vidole. Tukajaribu. Vyake vikakataa kukutana. Akasema, 'Hawa wamekosana, wanataka kikao cha wazee.' Tukacheka. Tulicheka sana, hata sijui tulikuwa tunacheka nini."

Baadaye kidogo yule wa Kambu akaanza kulalamika kwamba kuna joto. Akafungua zipu. Kijana wa Kitui akaifunga. Akafungua tena, akavua, akavishwa, akapigana. Mwishowe akamtupia ile jaketi. "Akaniambia, 'Vaa wewe, mtu wa Kitui. Mimi nimefika. Huku ni Kambu.'"

Maji yalikuwa yamefurika tuta la mabamia na hakuna aliyejali.

"Na mimi nikaivaa, mzee. Sijui kwa nini niliivaa. Nakumbuka tu nikifunga zipu. Nikaenda kutafuta watu. Walimu waliponipata nilikuwa bado nimeivaa."

Sikumwambia kwamba hana kosa. Sikuwa mlimani siku hiyo, na si kazi yangu kugawa makosa. Nilimwambia ninachojua. Mtu akiganda mpaka karibu na mwisho, mara nyingi husikia moto. Hujivua mwenyewe. Wengi wamekutwa hivyo, nguo zimetawanyika kando yao, na nyumbani watu wakadhani wameibiwa. Na anayekaa naye, aliyelowa kama yeye, naye akili yake huwa imekwisha kuondoka. Kijana alinisikiliza. Kisha akauliza swali ambalo halikunitoka kwa muda mrefu: "Haya yote unayajua. Yeye atayajuaje?"

Hapo ndipo nilipokwama, mimi niliyefundisha miaka yote ile. Utamwelezaje baridi ya namna hiyo mwanamke wa Kambu, ambaye kila siku ya maisha yake amepigana na jua? Maneno alikuwa ameshapewa mengi. Nilipofikiria mahali panapopatikana baridi Kambu, nikakumbuka friji.

Tukaenda wote wawili. Kuna duka la mtu wa kaskazini mashariki pale, Mwislamu mpole mwenye utani, anayeuzia madereva maji baridi na barafu. Nilipomwambia nataka barafu yote aliyo nayo, alinitazama juu ya miwani.

"Afande, umefungua hoteli ya samaki?"

"Ni ya kufundishia."

"Wallahi, jeshi limekutoa, lakini wewe hujalitoa." Ila nilipomtajia nampelekea nani, utani ulimtoka. Akaanza kubandua barafu kwa kisu. "Mtoto wake alikuwa ananunua soda hapa," akasema bila kunitazama. "Anataka ya chini kabisa, ile inakaribia kuganda. Ananiambia, 'Nipe hiyo, najizoesha mlima.'" Kijana wa Kitui alibaki pale, amekaa juu ya kreti, uso ameuelekeza ukutani.

Mama Soja aliniona nikija na ndoo.

"Nimesikia uko na mgeni kutoka Kitui," akasema kabla sijasalimia. Kambu habari hutangulia mtu. "Kama umekuja kumtetea, matikiti ni hayo, nunua uende."

"Nimekuja kukujibu swali lako la jaketi, mwaitu." Hivyo ndivyo tunavyomwita mwanamke tunayemheshimu, mama yangu, hata akiwa umri wetu. "Niazime mabeseni mawili na mkono wako mmoja."

Hakutaka. Lakini swali lilikuwa lake, na hakuna aliyekuwa ameahidi kulijibu. Akatoa mabeseni ya kuoshea matikiti. Katika moja nikamimina barafu na maji. La pili nikalijaza kutoka kwenye jerikeni lake mwenyewe lililokuwa kivulini. Nikamwomba aingize mkono wa kulia kwenye barafu, auache.

"Ni baridi tu," akasema.

"Uache."

"Unauma, Afande."

"Najua. Uache bado."

Mwanamke wa jirani alisimama kutazama, Mama Soja akamwambia aende akauze. Lori lilipita, likatutimulia vumbi. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya mshangao, "Hauumi tena. Siusikii."

"Utoe. Gusanisha kidole gumba na kile cha mwisho."

Akajaribu. Vidole vikasimama njiani, vigumu kama vya mtu mwingine. Akavitazama kwa muda.

"Sasa tia kwenye beseni hili la pili."

Alitia, akauchomoa kwa nguvu hadi maji yakaturukia. "Umeweka maji ya moto!"

"Tia wa kushoto."

Akatia wa kushoto, taratibu, akiogopa. Ukakaa. Akautazama mkono ule ndani ya maji, kisha akarudisha na wa kulia, akaumia tena, lakini safari hii hakuutoa. Mikono miwili ndani ya beseni moja, mmoja unaungua, mmoja haujui kitu.

"Ni maji ya jerikeni langu," akasema.

"Ni hayo tu."

Sikumdanganya kwamba mlimani ni kitu hichohicho. Nilimweleza kwamba mwilini mwa mtu aliyeganda, damu iliyokuwa imejificha ndani huweza kurudi ngozini kwa ghafla, na yeye akasikia anaungua. Si sawa na beseni, ila ni ndugu. Nikamwambia afikirie si mkono, bali mtu mzima, na kichwa chake kikiwa ndani ya barafu hiyo pia. Mtu kama huyo huvua jaketi, na anayejaribu kumvisha humwona adui.

"Alisikia joto?"

"Alisikia joto. Alisema amefika. Alisema huku ni Kambu."

Aliinamisha kichwa. Kisha, akiwa bado ameinama, akaniuliza kama mtu anayetaka uzito kamili kwenye mizani: "Na yule mwingine. Aliivaa?"

Ningeweza kusema hapana. Kijana alikuwa amenipa ruhusa kwa macho, kama macho yanaweza kutoa ruhusa.

"Aliivaa."

"Akijua?"

"Mwaitu, alikuwa ndani ya beseni hilohilo."

Akatoa mikono, akaikausha kwenye leso, kidole kimoja kimoja. "Chupa yake waliniletea," akasema. "Ilikuwa imejaa. Nilifikiri ni wao walijaza, kwa adabu."

Nikamweleza kwamba vijana wa kwetu huwa hawanywi.

"Maji nilimfundisha mimi," akasema. "Nilikuwa nampiga akimaliza."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza niliyoiona mimi, na hasira haikuwamo.

Alipomaliza aliniambia nikamwite. Kijana alikuja akiburuta miguu, akasimama upande wa pili wa matikiti. Wafanyabiashara wote wa pale waliacha kupiga kelele wakajifanya wanahesabu vitunguu.

"Ũvoo waku," Mama Soja akamwuliza habari yake.

"Nesa," akajibu kijana. Lilimtoka lenyewe, kama linavyotutoka sote.

"Sitaki hiyo nesa. Lete mkono."

Akaunyoosha, uleule aliokatazwa kutia mchanga.

"Gusanisha."

Vidole vikakutana. Mama akavifunika kwa mkono wake wa kulia, ambao bado ulikuwa mwekundu kwa barafu, akakaa navyo. Hakumwambia kwamba amemsamehe. Hakumkaribisha nyumbani kula, na kwetu kila mtu anajua maana ya hilo: jambo halijaisha. Lakini alichota maji kwenye jerikeni, akajaza kikombe mpaka mdomoni, akampa. Kijana akanywa kidogo, akataka kurudisha kwa adabu, kama tulivyolelewa.

"Maliza," akasema. "Yote. Nakuona."

Akamaliza, maji yakimtiririka kidevuni.

Kwa hiyo wewe, siku utakapokuwa na mtu aliyelowa na kupigwa na upepo, hata kama si mlimani, usimwulize yuko aje. Mwambie agusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule, wewe ukitazama. Visipokutana, mtoe penye upepo, mvue nguo mbichi, mvishe kavu, mtandikie chini, na akikuambia anasikia joto, mfunge zipu na ukae naye.